Msamaha wa Ushuru Usisubiri Mgonjwa wa Kwanza

Tarehe 1 Februari 2020, Waziri wa Fedha wa India, Nirmala Sitharaman, alisoma bungeni New Delhi bajeti iliyokuwa na tozo mpya ya afya ya asilimia 5 juu ya vifaa vya tiba vinavyoagizwa kutoka nje. Fedha zake zilikusudiwa kusaidia kujenga hospitali, na wenye viwanda wa ndani nao wapate ahueni dhidi ya washindani wa kigeni. Siku mbili kabla ya hotuba hiyo, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikuwa limetangaza kuwa virusi vipya vya korona ni dharura ya afya ya umma ya kimataifa. Ilipofika 9 Aprili, serikali ileile ilisimamisha tozo hiyo, pamoja na ushuru wa kawaida wa forodha, kwa vipumulio, barakoa, mavazi ya kinga, vipimo vya korona na malighafi za kuvitengenezea. Msamaha huo ulipangiwa kuisha 30 Septemba 2020. Katika muda wa takriban wiki kumi, kipumulio kilekile kiliongezewa kodi, kisha kikasamehewa.

India haikuwa peke yake. Brazil ilishusha ushuru wa bidhaa kadhaa za tiba hadi sifuri katikati ya Machi 2020. Umoja wa Ulaya ulipitisha uamuzi wake tarehe 3 Aprili. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilifanya marekebisho yao pamoja na bajeti za Juni. Kila mahali serikali zilikubali bila ubishi mwingi kwamba si haki kumtoza kodi mtu anayeingiza kitu cha kuokoa roho za watu wakati watu hao wanakufa. Nakubaliana na hukumu hiyo kikamilifu. Ninachokipinga ni desturi ya kungoja mpaka janga lipige hodi ndipo kalamu ishikwe. Msamaha unaotungwa katikati ya msiba hufika umechelewa, huondoka kabla ya ugonjwa, na huacha matundu ambayo watu wa kawaida ndio wanaotumbukia humo. Ukitungwa wakati wa uzima, ukawekewa masharti ya kuufungua na kuufunga, unaweza kufanya kazi tunayoutarajia uifanye.

Ili kuona uzito wa jambo lenyewe, tupige hesabu moja. Tuseme kontena la barakoa limefika bandari ya Dar es Salaam, na thamani yake, yaani bei ya mzigo, bima na nauli ya meli kwa pamoja, ni shilingi milioni 100. Katika ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulivyokuwa mwaka 2020, malighafi zililipa sifuri, bidhaa zilizosindikwa nusu asilimia 10, na bidhaa zilizokamilika asilimia 25. Nguo na vitu vilivyoshonwa kwa kawaida viliangukia kwenye fungu hilo la juu. Mzigo usio na msamaha wowote ungedaiwa ushuru wa milioni 25. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 haipigwi juu ya zile milioni 100 za awali. Inapigwa juu ya milioni 125, kwa kuwa ushuru nao huhesabiwa kuwa sehemu ya thamani. Hiyo ni milioni 22.5 nyingine. Jumla inakuwa milioni 47.5, kabla hatujagusa tozo ya reli, ada ya forodha, gharama za bandari na ujira wa wakala. Serikali ikisamehe ushuru peke yake, mwenye mzigo bado atalipa kodi ya ongezeko la thamani ya milioni 18. Ndiyo maana tangazo la kwamba ushuru umefutwa linaweza kuwa kweli tupu na bado likamwacha mwagizaji na deni kubwa getini.

Jambo la pili katika hesabu hiyo halisemwi sana. Ushuru wa namna hii ni sehemu ya thamani, si kiasi kilichowekwa kwa kila boksi. Tarehe 3 Machi 2020, WHO ilitoa onyo kwamba tangu mlipuko uanze bei ya barakoa za hospitali ilikuwa imepanda mara sita, ya barakoa aina ya N95 mara tatu, na ya magauni ya kinga mara mbili. Boksi la barakoa lililokuwa likiingia kwa shilingi 10,000 lilidaiwa ushuru wa shilingi 2,500 kwa kiwango cha asilimia 25. Bei ikipanda mara sita, boksi hilohilo linaingia kwa 60,000 na ushuru wake unakuwa 15,000. Yaani ushuru peke yake umepita bei ya boksi zima la zamani, na hakuna bunge lililokaa kuupandisha. Hofu ya soko imeupandisha wenyewe. Kwa hiyo serikali isiyofanya lolote wakati wa janga haijabaki pale ilipokuwa. Imeongeza kodi juu ya tiba kwa kunyamaza.

Swali la tatu ni kitu gani hasa kinasamehewa. Kila bidhaa inayovuka mpaka ina namba yake katika orodha ya Shirika la Forodha Duniani, na ofisa wa forodha hupiga ushuru kwa kufuata namba hiyo. Kipumulio kina namba inayoeleweka, 9019.20, miongoni mwa mashine za tiba. Barakoa ya kitambaa haikuwa na bahati hiyo. Ilihesabiwa chini ya 6307.90, kapu la vitu vilivyoshonwa ambavyo havikupata fungu lao. Ngao ya uso ya plastiki iliingia kwenye kapu jingine la namna hiyo, 3926.90, pamoja na vikorokoro vya plastiki vya kila aina. Matokeo yake ni kwamba mashine ya mamilioni, ambayo hospitali hununua chache, ilitozwa kidogo au haikutozwa kabisa, ilhali vitu vya bei ndogo ambavyo muuguzi huvibadilisha kila zamu vilitozwa kama nguo na vyombo vya nyumbani. Takwimu za Shirika la Biashara Duniani (WTO) za Aprili 2020 zinaonyesha sura hiyohiyo kwa dunia nzima. Wastani wa ushuru kwa bidhaa zote za tiba ulikuwa asilimia 4.8, na kwa dawa asilimia 2.1 tu. Kwa vifaa vya kujikinga wastani ulifika asilimia 11.5, na kwa sabuni ya kunawia mikono asilimia 17. Dunia ilikuwa inatoza kidogo kwa kutibu na ikitoza sana kwa kukinga.

Uainishaji huu ndio unaoonyesha kwa nini tangazo la haraka haliwezi kuwa zuri. Waziri anaweza kusema kwenye runinga kwamba vifaa vyote vya kupambana na korona vimesamehewa. Lakini ofisa aliye bandarini hana kifungu kinachoitwa vifaa vya korona. Ana namba. Akifungua kapu lote la 6307.90, anaruhusu na vitambaa visivyohusika na hospitali kupita bure. Akilifunga, anazuia barakoa. Shirika la Forodha Duniani na WHO walilazimika kuandaa orodha ya pamoja ya namba za bidhaa za korona, na mataifa mengi yakaitumia, lakini orodha hiyo ilitoka janga likiwa limeshatangazwa. Kazi ya namna hiyo ni ya watu waliotulia, wenye muda wa kubishana kuhusu gauni la plastiki na gauni la kitambaa. Haifai kufanywa na watu ambao simu zao hazinyamazi.

Turudi India, kwa sababu huko ndiko kasoro ya msamaha wenye tarehe ya kalenda ilikoonekana waziwazi. Msamaha wa Aprili 2020 ulikoma 30 Septemba kama ulivyoandikwa. Korona haikuisoma tarehe hiyo. Katika wiki ya mwisho ya Aprili 2021, India ilikuwa ikiandikisha wagonjwa wapya zaidi ya 300,000 kwa siku, na hospitali za Delhi zilikuwa zikiomba oksijeni hadharani. Serikali ilibidi itunge msamaha upya: tarehe 24 Aprili 2021 iliondoa ushuru wa forodha na tozo ya afya kwa oksijeni ya hospitali, mitungi, matangi, mashine za kuzalisha oksijeni, vipumulio na chanjo, kwa miezi mitatu. Vipumulio vilivyokuwa vimesamehewa mwaka uliotangulia vililazimika kusamehewa mara ya pili. Kifungu kilichokuwa kimekufa Septemba kilifufuliwa wakati wimbi la pili limeshafika shingoni.

Hata huo msamaha wa pili uliacha tundu. Familia nyingi zilikuwa zikipokea mashine ndogo za oksijeni kutoka kwa ndugu walioko ng'ambo, kwa kuwa vitanda vya hospitali vilikuwa vimejaa. Ushuru wa forodha ulikuwa umeondolewa, lakini kodi ya ongezeko la thamani juu ya bidhaa za kuagizwa ilibaki. Kwa mashine za matumizi ya nyumbani ilikuwa asilimia 28, na mapema Mei ikashushwa hadi 12. Mzee mmoja aliyetumiwa mashine kama zawadi na jamaa yake aliyeko Marekani alikwenda mahakamani kuipinga. Tarehe 21 Mei 2021, Mahakama Kuu ya Delhi ilikubaliana naye kwamba kumtoza mtu kodi hiyo kwa mashine ya kumsaidia apumue ni kinyume cha katiba. Siku chache baadaye Mahakama ya Juu ilisimamisha hukumu hiyo, na Juni kodi ikashushwa hadi asilimia 5. Tazama mfululizo huo: ndani ya wiki chache za janga kali, kodi ya kifaa kimoja ilibadilika mara kadhaa, ikapita mahakama mbili na baraza la mawaziri wa fedha. Mgonjwa wa mapafu hana wiki za kungojea hayo.

Umoja wa Ulaya nao ulichelewa, ila kuchelewa kwake kulikuwa na dawa. Uamuzi wake wa 3 Aprili 2020 ulifuta ushuru wa forodha pamoja na kodi ya ongezeko la thamani kwa vifaa vya kupambana na korona, na ulihesabiwa kuanza 30 Januari 2020, siku ileile WHO ilipotangaza dharura. Aliyekuwa amelipa katikati aliweza kudai fedha zake. Muda ulipokaribia kuisha uliongezwa, ukaongezwa tena, mpaka ukafika katikati ya mwaka 2022 bila kukatika. Umoja huo uliweza kufanya hivyo kwa sababu haukuanza na karatasi tupu. Kanuni zake za mwaka 2009 za misamaha ya forodha tayari zilikuwa na vifungu kwa ajili ya watu waliokumbwa na maafa, na vilieleza nani anaweza kusamehewa, kwa sharti gani, na nani wa kuidhinisha. Mlango ulikuwa umeshajengwa. Kilichotakiwa ni uamuzi wa kuufungua. Hiyo ndiyo tofauti ninayoisisitiza, na haihusiani na utajiri wa Ulaya. Kifungu cha sheria hakigharimu fedha kukiandika.

Afrika Mashariki iko katikati ya njia. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 ina Jedwali la Tano linaloorodhesha misamaha, na kabla ya korona lilishakuwa na nafasi kwa vitendanishi na vifaa vya maabara za tiba pamoja na misaada ya maafa. Wagonjwa wa kwanza wa korona Kenya, Rwanda, Tanzania na Uganda walitangazwa kati ya 13 na 21 Machi 2020. Marekebisho ya pamoja yakaja na mwaka mpya wa fedha, 1 Julai. Yaliingiza katika Jedwali la Tano vifaa vya uchunguzi, kinga, tiba na udhibiti wa magonjwa ya mlipuko, kwa mapendekezo ya mamlaka ya afya ya nchi husika. Wenye viwanda nao walipewa nafuu ya ushuru kwa mwaka mmoja kwenye malighafi za barakoa, vitakasa mikono, mavazi ya kinga, ngao za uso na vipumulio. Hilo lilikuwa jambo jema, na la kwanza kati ya mawili lilikuwa jema zaidi, kwa kuwa kifungu kilichoingia kwenye Jedwali hakiishi na kalenda. Lakini bado ni nusu ya kazi. Mamlaka ya afya ipendekeze ndani ya siku ngapi? Kwa orodha ipi ya namba? Kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kila nchi ina sheria yake, itafuata au itabaki? Na tozo za reli na ada za forodha? Maswali haya yote yameachwa yajibiwe siku ya msiba.

Tunajua kinachotokea yakiachwa hivyo. Mapema mwaka 2021, dawa za kupunguza makali ya VVU zilizotolewa msaada na Marekani zilikaa kwa wiki kadhaa katika bandari ya Mombasa huku pande zikivutana kuhusu kodi na kuhusu nani azisambaze. Watu wanaoishi na VVU waliingia barabarani kudai dawa zao. Hakuna aliyesema hadharani kwamba dawa hizo zinastahili kutozwa kodi ili wagonjwa wateseke. Kulikuwa na taratibu zinazogongana tu, na hakuna iliyokuwa na nguvu ya kuzishinda nyingine. Msamaha unaohitaji barua ya ofisi moja, idhini ya ofisi ya pili na muhuri wa ofisi ya tatu si msamaha mpaka karatasi zote zikutane.

Sasa tuzisikilize hoja za wanaopinga, kwa kuwa zipo na nyingine zina uzito. Ya kwanza ni mapato. Watu wa hazina husema kwamba janga ndilo linaloitafuna serikali zaidi: biashara zimefungwa, watalii hawaji, matumizi ya hospitali yamepanda, na huo ndio wakati tunaowataka waache fedha. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama mnunuzi mkubwa wa vifaa hivi asingekuwa serikali yenyewe. Hospitali za umma zinapoagiza vifaa, au zinaponunua kwa muagizaji aliyeshalipa ushuru na kuuweka kwenye bei, serikali inatoa fedha mfuko wa kulia na kuziweka mfuko wa kushoto, na katikati mzigo unalala bandarini ukihesabiwa gharama za kuhifadhiwa. Na kwa sehemu ile inayonunuliwa na watu binafsi, tukumbuke hesabu ya boksi la barakoa. Sehemu kubwa ya ushuru unaopatikana bei zikiwa zimeruka ni fedha ambazo hazikuwamo kwenye makadirio ya bajeti yoyote. Kuziacha hakutoboi bajeti. Ni kukataa tu kufaidika na uhaba.

Hoja ya pili ni ya viwanda vya ndani, nayo naiheshimu zaidi. Korona ilionyesha kwamba tunaweza kutengeneza. Kiwanda cha nguo cha kaunti ya Kitui kiligeukia barakoa, na Rivatex ya Eldoret vilevile, kama walivyofanya mafundi wengi wa cherehani pwani na bara. Je, tukifungua milango kwa barakoa za nje zisizolipa ushuru, hatuwaui hawa? Jibu liko katika namna msamaha unavyotungwa. Hatari kubwa kwao ni msamaha wa upande mmoja: barakoa iliyokamilika ikiingia bure huku kitambaa maalumu, lastiki na waya wa puani vikilipa ushuru, mtengenezaji wa Eldoret anatozwa na serikali yake mwenyewe kwa kosa la kutengeneza nyumbani. Ndiyo sababu India iliweka malighafi kwenye tangazo lake la Aprili 2020, na Jumuiya yetu ikatoa nafuu kwa viwanda. Malighafi zikisamehewa siku ileile na bidhaa iliyokamilika, kiwanda cha ndani kinabaki na faida ya kuwa karibu na soko na kutolipa nauli ya meli. Tena wakati wa uhaba hakuna anayekosa mnunuzi. Anayehitaji kulindwa atalindwa janga likiisha, ushuru utakaporudi hatua kwa hatua ili akiba iliyoingia bure isimwagwe sokoni kwa siku moja.

Hoja ya tatu ni udanganyifu. Kila msamaha huvuta watu wa njia za panya: kitambaa cha mapazia kitaandikwa kuwa cha hospitali, na bidhaa zilizosamehewa kwa jina la wagonjwa zitaonekana kwenye maduka. Ulaya ilijibu kwa kubana wanufaika. Msamaha wake ulikuwa kwa taasisi za umma na mashirika ya hisani yaliyoidhinishwa, na vifaa vilitakiwa vitolewe bure kwa wanaovihitaji. Hilo hupunguza wizi, lakini huwaacha nje zahanati binafsi, maduka ya dawa na yule mzee wa Delhi. Kwa nchi zetu, ambako wengi hutibiwa au hununua dawa kwa watu binafsi, kubana kiasi hicho kungekosa walengwa. Naona ni afadhali tutenganishe aina mbili za bidhaa. Kifaa kisicho na kazi nyingine ila tiba, kama kipumulio, kipimo au mashine ya oksijeni, kisamehewe kwa yeyote anayekiingiza, kwa kuwa hakuna atakayekitumia kushonea mapazia. Bidhaa zenye matumizi mengi, kama kitambaa, spiriti na plastiki, zisamehewe kwa waliosajiliwa tu. Na orodha ya waliosamehewa, bidhaa zao na kiasi walichoachiwa itangazwe kila mwezi. Mwanga wa namna hiyo huzuia wizi kuliko mihuri kumi.

Hoja ya nne inatoka kwa mlaji mwenyewe: mfanyabiashara atasamehewa, naye atauza kwa bei ileile. Wakati wa uhaba bei hupangwa na wingi wa wanaotafuta, si na gharama za muuzaji, kwa hiyo sehemu ya msamaha hubaki kweli mfukoni mwake. Sikatai. Lakini hospitali ya umma inayoagiza yenyewe hupata nafuu yote mara moja, na faida inayobaki kwa mfanyabiashara huwavuta wengine waagize, jambo linaloshusha bei baadaye. Penye ulafi wa kupindukia kuna dawa nyingine. Juni 2021 mamlaka ya India ya kudhibiti bei za dawa iliweka ukomo wa asilimia 70 kwa faida ya biashara ya mashine za oksijeni, hatua iliyoungana na msamaha bila kuufuta. Msamaha na usimamizi wa bei hufanya kazi vizuri vikiwa pamoja.

Wa mwisho ni wale wanaosema kwamba ushuru haukuwa tatizo kabisa. Wana ushahidi mzito. WTO ilihesabu mwezi Aprili 2020 kwamba nchi na maeneo ya forodha 80 yalikuwa yameweka marufuku au vizuizi vya kuuza bidhaa nje, hasa vifaa vya tiba. India yenyewe ilizuia mavazi ya kinga kutoka nchini mwake tangu mwisho wa Januari, na Umoja wa Ulaya ulianza kudai vibali Machi. Ndege zilikuwa zimetua, na China, iliyotengeneza karibu nusu ya barakoa za dunia, ilikuwa ikizihitaji kwanza yenyewe. Kufuta ushuru hakumlazimishi mtu akuuzie alichokataa kuuza. Hayo yote ni kweli, na ndiyo maana simwambii msomaji kwamba msamaha ni tiba ya uhaba. Lakini serikali ya Kampala au Dodoma haina amri juu ya marufuku ya nchi nyingine. Juu ya ushuru wake ina amri kamili. Kikwazo kilicho mikononi mwetu hakipaswi kuwa cha mwisho kuondolewa kwa sababu tu vingine viko mbali.

Kuna swali ambalo wapinzani na waungaji mkono wa misamaha ya muda huliruka pamoja: kama ni vibaya kutoza kifaa cha tiba wakati wa korona, ni vizuri kwa nini wakati wa kifua kikuu, uzazi na malaria, ambavyo havina likizo? New Zealand na Singapore zilijibu kwa vitendo tarehe 15 Aprili 2020, zikatangaza kufuta ushuru juu ya orodha ya bidhaa muhimu na kuahidiana kutozuia biashara yake. Marekani ilikwenda kinyume. Machi 2020 iliyaondoa baadhi ya bidhaa za tiba za China katika ushuru wake wa vita vya biashara, na misamaha hiyo ikaongezwa tena na tena. Kisha Septemba 2024 ikatangaza kupandisha ushuru wa barakoa, glavu za hospitali na sindano za China, za sindano ukafika asilimia 100. Mimi naona kwamba vifaa visivyo na matumizi mengine ila tiba vinastahili sifuri ya kudumu, na kwa sehemu kubwa ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki umeelekea huko. Msamaha wa muda ubaki kwa yale makapu ya katikati, nguo, plastiki, sabuni na kemikali, ambako viwanda vya ndani vina haki ya kulindwa siku za kawaida na wagonjwa wana haki ya kutangulizwa siku za msiba.

Nyakati hizo za msiba haziko mbali. Agosti 2024 WHO ilitangaza homa ya nyani kuwa dharura ya kimataifa, kiini chake kikiwa Kongo na wagonjwa wakionekana Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya. Mwezi uliofuata Rwanda ilitangaza Marburg. Januari 2025 Marburg ikawa Kagera, na kabla mwezi haujaisha Uganda ikatangaza Ebola. Kwa milipuko hiyo yote glavu, magauni na ngao za uso ni zilezile. Mawaziri wa fedha wa Jumuiya hukutana kila mwaka kabla ya bajeti za Juni kupatana kuhusu viwango vya ushuru. Kikao kimoja kati ya hivyo kinatosha kukamilisha kilichoanzwa mwaka 2020: orodha ya namba inayopitiwa kila mwaka, msamaha unaojifungua siku WHO au waziri wa afya wa nchi mwanachama anapotangaza mlipuko, bila barua ya mtu, ahadi ya kila nchi kwamba kodi ya ongezeko la thamani na tozo zake zitafuata siku hiyohiyo, mzigo kutoka kwa dhamana na karatasi kukamilishwa baadaye, fedha kurudishwa kwa aliyelipa baada ya tangazo, na mwisho unaohesabiwa kuanzia siku mlipuko unapotangazwa kuisha, si siku iliyobahatishwa kwenye kalenda. Hakuna hata kimoja katika hivyo kinachohitaji fedha za mfadhili. Vinahitaji mawaziri wakubaliane sasa, wangali na utulivu, juu ya jambo ambalo kila mmoja wao alilikubali mwaka 2020 akiwa na hofu.